Nguo Niliyomshonea Sheila ya Kuingilia Ziwani

Nguo niliyomshonea binti yangu ilipimwa kwenye mizani ya samaki.

Wavuvi wa Takawiri waliitundika kwenye ile ndoana wanayopimia mbuta, maji yakiwa bado yanachuruzika shingoni mwake, na mshale ukasimama kwenye kilo kumi na nne.

Nilipoitoa kwenye cherehani yangu Migori, haikuwa imefika hata kilo mbili.

Naomba mnisome mpaka mwisho. Wengi wenu mnaonijua mlishasikia kisa hiki kutoka kinywani mwangu, na mlichosikia kilikuwa uongo.

Mimi ni fundi Okemwa. Nina cherehani nne Migori mjini, upande wa soko, na kwa miaka kumi na tisa nimeshona kila kitu: sare za shule, magauni ya kwaya, ovaroli za wachimba dhahabu wa Macalder.

Ovaroli zangu hazichaniki. Muulize yeyote anayeshuka shimoni.

Mimi ni Msabato. Tena nina kichwa kigumu, hilo hata mchungaji wangu atawaambia bila kuulizwa.

Mke wangu Bathsheba alikufa kwa nimonia Sheila akiwa na miaka tisa. Sikuoa tena. Nilimlea mwenyewe, nikamsuka nywele mwenyewe, tena vibaya, mpaka mwalimu wake mmoja akanionea huruma akawa anamsuka yeye.

Alikuwa mtoto wangu wa pekee.

Alipomaliza kidato cha nne akapata kazi ya jikoni kwenye nyumba moja ya wageni kisiwani Takawiri. Kila Jumapili alikuwa ananipigia simu, ananiita Tata, yaani baba kwa lugha yetu. Habari zake zilikuwa zile zile: ugali, samaki, wageni wanaolalamikia pilipili.

Jumapili moja akanipigia sauti ikiwa juu.

Akaniambia kuna mgeni aliyeacha mbao za kutelezea kwenye mawimbi. Mchana upepo wa ziwa ukiamka, mawimbi yanajitokeza, si makubwa, lakini yanatosha. Kijana anayeitwa Elvis, Mjaluo wa Sindo anayetembeza wageni, alimfundisha kuogelea, kisha akamfundisha kusimama juu ya ubao.

Sasa kuna watu wa Pwani wanaofundisha mchezo huo. Walikuja kupumzika kisiwani, wakawaona. Walitaka kuwachukua wote wawili, yeye na Elvis, wakafunzwe huko baharini wawe walimu. Kazi ya mshahara, na chumba cha kulala juu yake.

Walichotaka ni video moja ya kila mtu akiwa kwenye ubao, kabla mwezi haujaisha.

Mzazi mwingine angeuliza mshahara ni ngapi. Mimi nilimuuliza anavaa nini.

"Fulana ya mikono mirefu, Tata, ile ya kubana. Na baika, ile kaptura ya kubana, inafika magoti."

"Ya kubana."

"Lazima ibane, la sivyo maji inaivuta."

"Na wanaume wako hapo."

"Tata, watu wote wako hapo. Hii ni ziwa."

Akaanza kunieleza, na alinieleza vizuri, kama mtu aliyesoma. Alisema nguo ya mchezo huu inachaguliwa kwa joto la maji. Kuna nchi ambazo bahari ni digrii kumi, kwa hiyo huko wanavaa suti nene ya mpira ili mwili usipoteze joto. Huku kwetu ziwa ni digrii ishirini na tano, ishirini na sita. Pwani inapanda mpaka ishirini na nane, wakati wa kiangazi hata zaidi.

Kwa hiyo huku mtu anahitaji tu kitambaa chepesi, cha kumkinga jua na kuzuia ubao usimchubue tumbo.

"Ukivaa nzito huku unajipika mwenyewe," akasema, akacheka.

Msichana alikuwa amefanya utafiti. Mimi nilichosikia ni lile neno "kubana".

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua simu nikatafuta picha za huo mchezo. Nikaona mengi ya kunifanya nifunike simu kwa mkono, halafu nikaona moja ikanifurahisha: mwanamke amevaa suti nyeusi, kuanzia shingoni mpaka kwenye viganja, mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Nikasema Bwana asifiwe, hii hapa nguo ya Kikristo.

Ilikuwa inabana pia, sikatai. Lakini ilikuwa inafunika, na mimi fundi nikajiambia nitaishona pana kidogo.

Nikampigia Sheila nikamwambia nitamshonea mwenyewe. Akasema hiyo suti ni ya maji baridi. Nikamwambia maji ni maji, upepo ukikupiga ukiwa umelowa utaugua mapafu.

Halafu nikasema, "Mama yako alikufa na nini?"

Akasema nishone. Nilijua atakubali.

Niseme ukweli hapa, maana ndiyo sababu ninaandika. Sikuogopa baridi hata kidogo. Nimeoga mtoni tangu utotoni na sijawahi kukohoa. Nilichoona ni aibu. Niliwaza wazee wa kanisa wakiiona hiyo video kwenye simu zao, wakigusana viwiko, wakisema binti ya Okemwa.

Basi nikaanza kazi.

Nilisoma kwamba suti ile inatengenezwa kwa mpira wenye vipovu vidogo ndani, laini, unaofanana na sponji. Mpira huo Migori haupo. Lakini sponji ipo.

Jirani yangu wa duka ni Bhoke, mama wa Kikuria anayeuza magodoro. Nikaenda kumwomba sponji ya unene wa kidole. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya nguo ya kuogelea.

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, hii ukimwagia chai inakunywa kikombe mzima."

Nikamweleza kwamba nje nitaweka kitambaa cha koti la mvua, maji hayataingia. Akanitazama.

"Ni wazo ya nani hii?"

"Yangu," nikasema, tena kwa majivuno.

Nilishona wiki tatu. Nje koti la mvua, katikati sponji, ndani pamba. Kwenye vifundo vya mikono na vya miguu nikaweka lastiki kali ili nguo isipande. Zipu nikaiweka mgongoni, na juu ya zipu, shingoni, nikaweka kulabu ya chuma.

Kwenye ile picha zipu ilikuwa na kamba ndefu inayoning'inia mgongoni. Niliiona nikadhani ni uzembe wa aliyeshona. Sikuiweka.

Leo najua kamba ile ni ya nini. Ni ya mtu kujifungulia mwenyewe.

Jumapili ya mwisho ya mwezi nikasafiri mpaka Mbita, nikapanda boti hadi Takawiri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika anapofanyia kazi, na alikuwa amekaa huko karibu miaka miwili.

Alinikimbilia mpaka nikayumba. Alikuwa amekuwa mweusi kwa jua, na mabega yalikuwa yamejaa.

Elvis akaja akanisalimu kwa mikono miwili, akaniita Jaduong', jinsi Wajaluo wanavyomwita mtu mzima wanayemheshimu. Nikampenda bila kutaka. Kisha akashika mkono wa ile nguo, akaubinya.

"Jaduong', hii iko na sponji ndani?"

Nikasema ndiyo. Akamtazama Sheila. Wakaenda kando wakazungumza kwa sauti ya chini, na mimi nikafikiri ni mambo yao ya mapenzi, nikakunja uso. Sheila akarudi amevaa ile nguo, mgongo wazi, fulana yake ya kubana ikionekana ndani.

"Tata, nifungie."

Nikavuta zipu. Nikafunga kulabu.

Ilikuwa saa nane mchana. Jasho lilianza kumtoka kabla hajafika majini, linashuka kwenye paji la uso. Elvis akapiga goti kumfunga ile kamba inayounganisha mguu na ubao, lakini kwa sababu ya sponji mguu ulikuwa mnene, kamba haikuzunguka. Akajaribu mara tatu. Akasema bila kamba asiingie. Sheila akamwambia ataingia kidogo tu.

Nikatoa simu nikaanza kurekodi.

Mwanzoni ile nguo ilimbeba. Ilikuwa inaelea kweli, na mimi nikasema kwa sauti, kwa wavuvi waliokuwa karibu, "Mnaona?" Akalala juu ya ubao, akapiga makasia kwa mikono, akaenda.

Akaenda mbali.

Sikujua kwamba maji yalikuwa yanaingia shingoni, na kwenye kila tundu la sindano yangu. Sponji ilikuwa inakunywa polepole. Na kwa sababu ya lastiki, yaliyoingia hayakuwa na pa kutokea.

Wimbi likaja. Lilikuwa wimbi la kawaida, la kumfikia mtu kifuani. Ubao ukamtoka, na kwa kuwa hakuna kamba, ukaja ufukweni peke yake.

Niliuona ubao ukija nikacheka. Nilidhani ni mchezo.

Halafu nikamwona anainua mkono na mkono haufiki juu.

Elvis alishaanza kukimbia. Mimi sijui kuogelea kwenye maji ya kina. Niliingia mpaka kifuani nikasimama hapo naita jina lake, na maji yalikuwa vuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Elvis alimfikia. Akamshika, akahangaika na ile zipu. Kitambaa kilikuwa kinateleza, kulabu haikuachia. Boti ya wavuvi ikafika na mmoja akaikata nguo kwa kisu cha samaki.

Walimlaza kwenye mchanga. Walifanya yote wanayojua kufanya, kwa muda mrefu. Elvis ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha.

Mwanangu alikufa saa nane na dakika arobaini mchana, jua likiwaka.

Ndipo ile nguo ikapelekwa kwenye mizani. Mwenyekiti wa wavuvi, Mzee Wangwe, alisema polisi watataka kujua. Akasoma namba mara mbili. Kisha akakata lastiki za miguuni, na maji yakamwagika kwa muda mpaka watu wakasogeza viatu vyao.

Akauliza, "Nani alifikiria kitu kama hii?"

Watu wote wakanigeukia.

Nikanyoosha kidole kwa Elvis.

Nikasema ni huyu. Ndiye aliyeniagiza nishone hivi, ndiye anayejua mambo ya majini. Mimi ni fundi tu, nashona ninachoambiwa.

Elvis alikuwa bado amepiga magoti, mkono wake uko kwenye nywele za Sheila, anahema. Akaniangalia. Halafu akainamisha kichwa tena juu ya Sheila.

Nilimshonea Sheila gauni jeupe la kuzikiwa. Sitaelezea hilo.

Kwenye mazishi nikapewa maikrofoni, nikarudia yale yale mbele ya watu mia nne. Nikasema kijana mmoja wa ziwani alimdanganya binti yangu na kunidanganya mimi. Elvis alikuwepo. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevaa shati la kuazima, najua kwa sababu mabega hayakuwa yake. Wapwa zangu wakamtoa kwa kumsukuma. Hakushindana nao.

Polisi walimhoji wakamwachilia. Nyumba ya wageni ikamfukuza. Wale watu wa Pwani waliposikia habari, wakachukua vijana wengine.

Na mimi nikarudi kwenye cherehani yangu nikahurumiwa. Wazee wa kanisa walikuja kuniombea kila Jumatano. Wateja walinisemesha taratibu, kama mgonjwa. Nikawa mtu mwema aliyedhulumiwa, na kusema kweli, kuna siku nilikuwa naamini hivyo.

Miaka miwili ikapita.

Mwezi wa tatu mwaka huu Bhoke aliingia dukani kwangu bila kubisha na bila salamu. Alikuwa ametoka Sindo kupeleka magodoro.

"Fundi, nilinyamaza kwa sababu ya msiba. Msiba imeisha."

Nikajifanya sijui anachosema.

"Nilikuuliza ni wazo ya nani, ukaniambia ni yako. Leo nimekutana na mama ya huyo kijana. Anauliza kila mtu anayetoka Migori kama mtoto wake aliua mtu. Mimi nimekosa cha kumjibu."

Akatoka. Nilikuwa nakata kitambaa cha suruali ya mtu, nikakata mguu mmoja mfupi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Sindo.

Nilimkuta Elvis anatengeneza nyavu nyuma ya banda, ameligeuzia ziwa mgongo. Watu walishanieleza kwamba hajaingia majini tangu siku ile. Kijana aliyekuwa anaogelea kabla hajaanza shule. Hata boti hapandi.

Alinyanyuka, akanipa stuli yake, akakaa juu ya ndoo.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yakatoka machache. Nikamwambia nilidanganya, ile nguo niliibuni mwenyewe, yeye hakuniagiza kitu.

Akaendelea na wavu.

"Najua, Jaduong'. Nilikuwa hapo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa unazika mtoto."

Yeye ndiye aliyeendelea, polepole, macho kwenye wavu. Akaniambia walichozungumza kando siku ile. Alikuwa amemkataza Sheila asiivae. Alimwambia sponji itakunywa maji.

Na Sheila akamjibu hivi, kwa maneno yake: "Tata hajawahi kuja kuniona. Ameshona wiki tatu. Nitaingia mpaka kiunoni, anipige picha afurahi, halafu nivue. Video ya ukweli tutafanya kesho na baika yangu."

Kumbe alijua. Alijua nguo ni mbaya, akaivaa kwa ajili yangu, kwa dakika tano tu.

Nikasema, "Lakini alienda mbali."

Nilisema hivyo nikijua. Nadhani nilitaka kuona kama na yeye anajua.

Elvis akaweka wavu chini.

"Alifika kiunoni akageuka. Alikuwa anarudi, Jaduong'. Halafu wewe ukainua mkono."

Ndugu zangu, hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Si mchungaji, si Mungu kwenye maombi. Na hata hapa juu, nilipowaandikia kwamba alienda mbali, nililiruka.

Aligeuka. Alikuwa amesimama, maji kiunoni, anatabasamu, anataka kutoka. Mimi nikafikiri anaogopa. Nilitaka video ya kuwaonyesha wazee kwamba binti ya Okemwa anateleza kwenye mawimbi akiwa amejistiri. Nikainua mkono wangu wa kushoto nikamsukuma kwa mbali: enda, enda.

Akatikisa kichwa. Nikamsukuma tena.

Akageuka akaenda, kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu.

Iko kwenye simu yangu mpaka leo. Ncha za vidole vyangu zinaonekana pembeni mwa picha, mara mbili.

Nilidhani hakuna aliyeniona. Na kumbe kijana huyu aliniona, akaenda akapigana na ile kulabu, akasukumwa mazishini, akapoteza kazi, akapoteza Pwani, na neno moja lingetosha kumwokoa. Hakulisema.

Nikapiga magoti pale kwenye magamba ya samaki. Akanishika mabega akaniinua haraka, akaangalia huku na huku kama kuna mtu ameona, maana kwao mtu mzima hampigii magoti kijana.

Akasema alinisamehe siku ile ile, pale mchangani. Nikaanza kulia, nikamshukuru, nikaanza kumwambia kwamba nitakuwa nakuja kumwona, kwamba atakuwa mwanangu.

Akatikisa kichwa.

"Hapana, Jaduong'. Nimekusamehe. Lakini nakuomba usirudi hapa. Nikikuona, naona ule mkono."

Akachukua wavu wake akaendelea. Nikaondoka.

Sabato iliyofuata nilisimama kanisani nikasema yote, na ule mkono pia. Wengine walilia, wengine walitoka nje, na wazee hawaji tena Jumatano. Nikaandika barua, nikatia sahihi, Bhoke akampelekea mama yake Elvis. Aliniambia mama alisomewa barua mara mbili, akaikunja, akaingia ndani.

Sasa nawaandikia ninyi, kwa sababu uongo wangu ulifika mbali na siwezi kuufuata kila nyumba.

Mtoto wangu aliniambia maji yana joto gani. Aliniambia mtu anavaa nini na kwa nini. Alijua kazi yake kuliko nilivyojua yangu. Mimi nilikuwa na neno moja la kumwambia, "naona aibu," na kama ningelisema tungegombana, angelia, ningenuna mwezi mzima, halafu tungepatana kwenye simu Jumapili moja.

Mzazi mwenzangu, kama ni aibu inayokusumbua, mwambie mtoto ni aibu. Usimwambie ni baridi.